Karatasi za Tervuren: nani atazisoma ramani za kale za milima yetu ya madini?

JULAI 17, 2025, mjini Kinshasa, Serikali ya Congo na kampuni ya Kimarekani iitwayo KoBold Metals zilitia saini makubaliano ya awali. Magazeti mengi yaliandika habari za lithiamu ya Manono, kule mkoa wa Tanganyika, kwa kuwa lithiamu ndiyo habari ya mjini siku hizi. Lakini ndani ya makubaliano yale kulikuwa na jambo jingine lililopita kimya kimya: kuziingiza kwenye kompyuta nyaraka za kijiolojia za Congo, zikiwemo zile zinazohifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Afrika ya Kati lililoko Tervuren, nje kidogo ya jiji la Brussels.

Hapa Gisenyi sikusikia mtu akilizungumzia. Kwenye foleni ya Petite Barrière watu huzungumzia bei ya viazi, bei ya dola, saa ya kufunga mpaka, na nani anashika barabara ipi kule ng'ambo. Nao wana haki, maana hayo ndiyo yanayoamua kama jioni mama atarudi na faida au atarudi na beseni la nyanya zilizoanza kuoza. Hata hivyo nathubutu kusema kwamba katika yote yaliyoandikwa kuhusu madini ya Kivu tangu M23 walipoichukua Rubaya mwezi Aprili 2024, na Goma mwishoni mwa Januari 2025, hili la karatasi za Tervuren ni miongoni mwa yale yatakayodumu kuliko kelele zote. Serikali hubadilika, waasi huja na kuondoka, kampuni hufilisika. Mwenye ramani hana haraka. Anakaa na kabati lake akisubiri bei ipande.

Je, hizo karatasi ni kitu gani hasa? Tuanzie hapo, maana ukisema "ramani" mtu hufikiria ile ya ukutani darasani, yenye nchi za rangi rangi.

Ramani ya topografia huonyesha umbo la ardhi: vilima, mabonde, mito, njia za miguu, vijiji na majina yake. Urefu wa milima huchorwa kwa mistari ya kontua. Mistari ikibanana ujue hapo ni mteremko mkali, ikiachana ujue ni tambarare. Juu ya karatasi hiyo hiyo, mtaalamu wa miamba huchora ramani ya pili: hapa mwamba wa granaiti, hapa mshipa wa kwarzi, hapa lilichimbwa shimo la majaribio, hapa mchanga wa mto ulipepetwa ukakutwa na punje za kasiterite. Ramani hii ya pili haina faida bila ile ya kwanza, kwa sababu kujua kuwa kuna bati "huko milimani" hakumsaidii mtu kitu. Anataka kujua ni mlima upi, upande upi, na lori litapitia wapi.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, na elimu yangu ya ramani niliipata ukimbizini, Karagwe, mkoani Kagera, Tanzania. Wenzangu waliosoma upande ule watakumbuka kwamba mtihani wa kidato cha nne haukukosa swali la kusoma ramani. Unapewa kipande cha karatasi ya 1:50,000 cha mahali ambapo hujawahi kukanyaga, unaambiwa upime barabara kwa uzi, utaje mwinuko wa kilima fulani, ueleze kwa nini watu wamejenga upande huu wa mto na si ule. Msingi wa karatasi zile uliwekwa na idara ya Waingereza ya kupima makoloni, iliyoundwa mwaka 1946 na kufanya kazi kwa picha za ndege. Uhuru ulipopatikana Tanzania ilizirithi, ikaziendeleza, ikazipeleka mashuleni. Kwa hiyo mtoto wa mkimbizi, asiye na shamba wala kitambulisho, alikabidhiwa ramani ya nchi ya watu na kuambiwa: isome.

Niliporudi nyumbani na kuanza kufundisha hapa, nilitafuta karatasi ya eneo hili ili niwaonyeshe wanafunzi mlima ule ule wanaouona dirishani. Ofisi moja ilinituma kwa nyingine. Hiyo nyingine ikaniuliza ramani ni ya nini. Nikajibu kuwa mimi ni mwalimu. Wakaniuliza tena ramani ni ya nini.

Sishangai sana. Ramani za milima hii hazikuchorwa kwa ajili ya walimu. Tukumbuke zilivyoanza.

Mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke, akiwa mgeni wa Rumanika, mfalme wa Karagwe, aliona kwa mbali sana upande wa magharibi vilele vya milima. Aliandika jina Mfumbiro. Hakufika, aliona tu. Jina lile likaingia kwenye ramani za Ulaya kama mlima mmoja. Miaka 29 baadaye, Julai 1, 1890, Waingereza na Wajerumani walipogawana Afrika Mashariki waliandika kwenye mkataba kwamba mlima Mfumbiro ukikutwa kusini ya mstari wa mpaka, basi mstari upindwe ili mlima ubaki kwa Waingereza. Walipeana mlima ambao hakuna kati yao aliyekuwa ameukanyaga. Kumbe si mlima mmoja, ni safu nzima ya Virunga, kuanzia Muhabura hadi Nyamulagira!

Mfalme Leopold wa Ubelgiji alikuwa ametangulia. Agosti 1885 alitangaza mipaka ya Dola yake Huru ya Congo, na upande wetu alivuta mstari ulionyooka kutoka ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika hadi pale longitudo ya 30 inapokutana na latitudo ya dakika 20 kupita nyuzi 1 kusini. Chukua rula uuchore mstari huo leo. Gisenyi, Ruhengeri, Kibuye na Cyangugu zote zinaangukia Congo. Wakati huo hakuna Mzungu aliyekuwa ameliona Ziwa Kivu kwa macho yake. Aliyeliona wa kwanza ni Mjerumani, Gustav Adolf von Götzen, mwaka 1894, baada ya kuivuka Rwanda kutoka mashariki na kuonana na Rwabugiri.

Kwa hiyo msomaji asije akadhani kwamba mpaka wetu huu ulitokana na ramani nzuri. Ulitokana na ramani mbaya, kisha ramani nzuri zikatafutwa ili kuutengeneza. Miaka ya 1907 na 1908 Adolf Friedrich, mwanamfalme wa Mecklenburg, alipita huku na msafara wa wataalamu, akiwemo mpimaji Max Weiss na mtaalamu wa miamba Egon Kirschstein aliyezunguka volkano moja baada ya nyingine. Februari 1908 msafara wa Kirschstein ulipigwa na dhoruba ya theluji juu ya Karisimbi, na wapagazi 20 wakafa kwa baridi. Wale ndio waliobeba vyombo vya kupimia. Sijaona ramani yenye jina hata la mmoja wao, ingawa ramani za zamani hazikuwa na uchoyo wa majina, hata shimo la volkano lilipewa jina la Mzungu.

Mwaka 1910 mataifa matatu, Ujerumani, Ubelgiji na Uingereza, yalikaa Brussels yakakubaliana. Mpaka upite ziwani, kisiwa cha Idjwi kiwe cha Wabelgiji, utoke ziwani kati ya Goma na Gisenyi, uende kilima cha Hehu, upande Karisimbi, na kufika Sabyinyo. Mwaka 1911 tume ya pamoja ilipita ikisimamisha nguzo. Huo ndio mpaka tunaouvuka asubuhi na vikapu vyetu. Na msidhani ni historia ya kufungia maandazi. Juni 2014 wanajeshi wa nchi mbili walirushiana risasi kwenye kilima cha Kanyesheja, tarafa ya Busasamana, wilaya hii hii ya Rubavu, kila upande ukidai mwenzake ndiye aliyevuka. Ilibidi wataalamu wa pande zote mbili wapande na nyaraka za zamani kutafuta nguzo 22 za mwaka 1911, ambazo nyingi hazikuonekana tena. Watu walikufa kwenye kilima ambacho mpaka wake uko wazi kabisa kwenye karatasi iliyoko Ulaya.

Hizo ni ramani za wanasiasa na wanajeshi. Ramani za wenye migodi zilikuja baadaye, na ndizo zinazotafutwa leo.

Kuanzia miaka ya 1930 kampuni za Kibelgiji zilipanda milima hii kutafuta bati. Upande wa Rwanda zilikuwapo Minétain na Somuki. Upande wa Kivu na Maniema zilikuwapo kampuni ya Maziwa Makuu iliyojulikana kama MGL, na Symétain. Walichofanya kinastahili kuelezwa kidogo, maana hakikuwa kuchimba tu. Mhandisi aligawa mlima kwa mistari, akaweka vijana kuchimba mitaro na visima kwa umbali uliopimwa, kila shimo likapewa namba, udongo ukaoshwa, kilichopatikana kikapimwa na kuandikwa. Mwisho wa mwaka ripoti ilikwenda makao makuu Ulaya: mlima fulani, bonde fulani, tumetoa kiasi hiki, tunakadiria kimebaki kiasi hiki. Fanya hivyo kwa miaka 40, kilima kwa kilima, na unapata hesabu ya milima ambayo hakuna satelaiti inayoweza kukupa.

Mwaka 1973 kampuni za Rwanda ziliunganishwa zikawa Somirwa, na upande wa pili mwaka 1976 ikazaliwa Sominki. Somirwa ilifilisika mwaka 1985, mwaka ule ule ambao soko la dunia la bati liliporomoka mwezi Oktoba. Sominki nayo ilifutwa mwaka 1997, vita vikiwa vimeshaikuta. Wahandisi waliondoka, lakini mashimo hayakuondoka. Wachimbaji wadogo, wengi wao watoto wa wale waliochimba kwa mshahara, walirudi na chepe na beseni katika yale yale maeneo. Huko Rutongo, Rwinkwavu, Gifurwe na Gatumba mtu anachimba leo kwa kufuata alama zilizoachwa na kampuni. Ana kumbukumbu ya babu yake, lakini namba zenyewe ziko Tervuren.

Hapa ndipo ninapotaka wasomaji wangu, hasa ninyi mnaovuka kila siku, tuelewane vizuri. Bati, koltani na wolframu vya Rwanda na vya Kivu vimetoka chungu kimoja. Wataalamu wa miamba wanauita ukanda huu Karagwe-Ankole, kwa jina la kule nilikosomea, na ng'ambo ya bonde la ufa kuna ndugu yake aitwaye Kibara. Miaka kama bilioni moja iliyopita granaiti ilipanda kutoka chini ikiwa ya moto, ikaacha mishipa yenye madini katika miamba ya pembeni. Bonde la ufa lilikuja baadaye sana likaipasua nchi katikati, ziwa likakaa humo, na volkano zikamwaga lava juu. Ndiyo maana hapa mjini Gisenyi na Goma tunajenga kwa mawe meusi na hatuna koltani uani: tumekaa juu ya lava changa. Shuka kusini kuelekea Rutsiro na Ngororero, lava inakwisha na miamba ya kale inaanza. Nenda magharibi, kilomita zipatazo 60 kutoka Goma, unakutana na Rubaya.

Kwa hiyo mtu anaposema Rwanda haina madini yake, hajasoma ramani. Kampuni zilichimba bati huku tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili. Na mtu anaposema kila mfuko unaotoka Kigali ni wa Rwanda kwa sababu Rwanda ina madini, naye hajasoma ramani, maana kuwa na madini ni jambo moja na kilima fulani kuweza kutoa tani fulani kwa mwezi ni jambo jingine. Septemba 2024 Bintou Keita, aliyekuwa mkuu wa ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Congo, aliliambia Baraza la Usalama kwamba eneo la Rubaya linatoa zaidi ya asilimia 15 ya tantalamu ya dunia, na kwamba biashara hiyo inawaingizia waasi takriban dola 300,000 kwa mwezi. Wataalamu wa Umoja huo wameandika kwamba koltani ya huko huvushwa na kuchanganywa na ya Rwanda. Serikali yetu imekanusha. Machi 2025 Umoja wa Ulaya uliweka vikwazo, Desemba 4, 2025 marais wawili walitia saini mjini Washington, na katika mapatano hayo madini yana sehemu yake.

Mabishano yote haya yanaendeshwa kwa maneno, kwa picha za satelaiti, na kwa tagi za plastiki zinazofungwa mdomoni mwa mfuko tangu mpango wa ITSCI ulipoanza kazi mwaka 2011. Tagi inasema mfuko umetoka shimo fulani. Nani anaweza kusema kama shimo hilo lina uwezo wa kujaza mifuko hiyo? Wajerumani wa idara yao ya jiolojia, BGR, wamebuni njia ya kupima chembe za madini na kuzilinganisha na sampuli za machimbo yanayojulikana, kama polisi wanavyolinganisha alama za vidole. Ni kazi nzuri, lakini alama ya kidole haina maana bila daftari la vidole vyote. Daftari la milima yetu lilianza kuandikwa miaka ya 1930, nalo limefungwa kabatini. Nashangaa kwamba pande zote mbili zinazotuhumiana hazijasimama kwa sauti moja kudai lifunguliwe mezani. Labda kila upande unahofia ukurasa wake.

Sasa linganisha na KoBold. Kampuni hiyo, ambayo miongoni mwa waliowekeza fedha zao ni Bill Gates na Jeff Bezos, hutafuta madini kwa kuzilisha kompyuta data nyingi za zamani na mpya, kisha kompyuta inasema chimba hapa. Tayari inafanya hivyo Zambia kwenye shaba ya Mingomba. Siilaumu. Mfanyabiashara hutafuta habari, hata mama wa sambaza hupiga simu Goma kabla ya kuvuka. Ninachouliza ni hiki: hizo karatasi, ambazo kila shimo lake lilichimbwa na mikono ya babu zetu, zikishaingizwa kwenye kompyuta zitasomwa na nani? Na kwa bei gani? Mpaka sasa mchimbaji wa Masisi au Ngororero alikuwa sawa na mwekezaji katika jambo moja, kwamba wote wawili walikuwa wakipapasa. Mmoja akiwashiwa taa peke yake, mwingine atauza kilima chake kwa bei ya gizani.

Najua nitakachojibiwa, maana nimeshajibiwa. Kwamba wananchi wa kawaida hawajui kusoma ramani. Jibu hilo haliwezi kutolewa Rwanda na likasimama. Kati ya mwaka 2009 na 2013 nchi hii iliandikisha viwanja zaidi ya milioni 10. Iliandikishaje? Vijana walipita vijijini na picha za anga zilizochapishwa, na mkulima, wengine hawakupata kuingia darasani, alisimama mbele ya majirani akaonyesha kwa kidole: mpaka wangu unaanza kwenye mkaratusi huu unaishia kwenye mfereji ule. Bibi vizee walizisoma. Sisi tuliorudi kutoka Uganda, Burundi, Tanzania na Zaire, ambao wengi tuliingia katika kugawana ardhi na tuliowakuta, tulizisoma picha zile kwa makini kuliko mtu anavyosoma barua ya mahari. Mapatano ya Arusha ya mwaka 1993 yalikuwa yameshashauri kwamba aliyeondoka zaidi ya miaka 10 asidai mali yake ikiwa imeshikwa na mwingine. Hivyo picha ile ndiyo ilikuwa mwanzo wa kuwa na mahali. Isipokuwa hati tuliyopewa inaishia juu ya udongo. Yaliyo chini ni ya Serikali, na ramani ya yaliyo chini haikuletwa kijijini.

Jibu la pili ni zito zaidi, na sitalipuuza. Wanasema ukitangaza mahali penye madini utawaita watu wenye chepe, na nyuma yao watu wenye bunduki. Ni kweli kwamba Bisie, kule Walikale, ilipojulikana mwaka 2002, maelfu ya watu walihamia msituni na wenye silaha wakaja kutoza ushuru. Lakini tujiulize ni ramani gani ya umma iliyowaita. Hakuna. Habari ya madini haihitaji karatasi ili iwafikie wenye bunduki. Wao wana njia zao, na majeshi siku zote ndiyo ya kwanza kuwa na ramani. Anayekosa ni yule anayeishi pale, asiyejua kwamba mlima anaolima viazi umeandikwa kwenye ripoti ya mwaka fulani na utatafutwa tu, leo au kesho kutwa.

Tena ramani hizi zina kazi ambayo haihusiani na dola hata kidogo. Usiku wa kuamkia Mei 3, 2023 mto Sebeya ulifurika ukaingia majumbani hapa Rubavu, na katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini mafuriko na maporomoko yaliua watu zaidi ya 130. Mwishoni mwa Januari 2026, wakati wa mvua, udongo uliporomoka kwenye machimbo ya Rubaya na taarifa zilitaja vifo zaidi ya 200. Sebeya inatoka Gishwati. Msitu wa Gishwati ulikuwa na hekta kama 28,000 miaka ya 1970, na kufikia mwaka 2002 zilibaki kama 600. Wafugaji waliokuwapo walipunguza, miradi ya malisho ikapunguza, na sisi tuliorudi na ng'ombe baada ya 1994 tukapunguza vilevile, hakuna haja ya kufichana. Wachimbaji wa koltani nao wakaingia mabondeni. Serikali ililitangaza kuwa sehemu ya hifadhi ya Gishwati-Mukura mwaka 2015. Ukichukua karatasi ya zamani ya topografia ukaiweka juu ya meza na mtoto wa shule ya Kanama, atakuonyesha mwenyewe: hapa kontua zimebanana, hapa palikuwa na rangi ya kijani ya msitu, na hapa chini ndipo nyumba zetu. Hahitaji semina ya siku tatu hotelini.

Basi ninadai nini? Kwanza, kwamba nakala za Tervuren zikishatengenezwa zirudishwe kwa idara za jiolojia za Kinshasa na Kigali, kila moja kwa milima yake, kwa masharti kwamba yeyote anaweza kuziona bila kuulizwa mara mbili ni za nini. Kampuni ipate nakala kama wengine, isipate ufunguo wa kabati. Pili, karatasi za kawaida za 1:50,000 za Rwanda ni zipatazo 40 tu. Zinaingia kwenye droo moja. Wilaya kama Rubavu ikiwa na seti kamili ukumbini, na Goma nayo ikiwa na za kwake, hata mabishano ya nguzo yatapungua. Tatu, maelezo pembeni ya ramani yaandikwe pia kwa Kiswahili. Karibu yote yako kwa Kifaransa, na wachimbaji na wachuuzi wa pande zote mbili huelewana kwa Kiswahili, ambacho tangu mwaka 2017 ni lugha rasmi nchini kwetu na ni mojawapo ya lugha za taifa za Congo.

Wakati tunasubiri, kuna kidogo kinachoonekana tayari. Nchi zote mbili zimeweka daftari la leseni za madini kwenye intaneti. Lile la Congo, liitwalo CAMI, linaigawa nchi katika viraka vya mraba vya karibu hekta 85 kila kimoja, na kila leseni inahesabiwa kwa viraka. Mwenye simu nzuri pale Petite Barrière anaweza kuona, akiwa bado kwenye foleni, ni jina la kampuni gani lililoandikwa juu ya kilima cha mjomba wake Masisi. Niliwaonyesha wachuuzi wawili wa maharage mwezi uliopita. Mmoja alitafuta kilima chao, akakipata, akalisoma jina la kampuni taratibu, kisha akaniuliza kama mjomba anajua.